Mazungumzo ya Jioni: Wewe ni Mwana wa Nani?

Juma hili sitajibu barua tatu kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Nitajibu moja tu. Nimekaa nayo siku nyingi, nikaisoma na kuirudia mbele ya taa, na kila mara imenichoma.

Aliyeandika ni kijana wa parokia yetu hapa Lukafu, mwenye mke na watoto wawili. Anayo mashine ya kusaga mahindi na muhogo, ambayo aliinunua Lubumbashi ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha alizoweka miaka mitano kwa kuuza makala na karanga. Sasa injini imechoka. Anataka kununua nyingine, tena aongeze mashine ya kupukuchua mahindi, kwani akina mama wa huku bado wanapukuchua kwa vidole hata ngozi inatoka. Basi akasikia kwamba kuna fedha za Serikali za kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Akavaa shati lake la Jumapili, akapanda lori juu ya magunia, akaenda mjini na daftari lake la hesabu kwapani.

Ofisini alikofika (sitaitaja, wala yeye hakuitaja) daftari halikufunguliwa. Bwana aliyekaa mezani alimwuliza jina la baba yake. Alipolisikia akasema: “Lete kwanza barua ya mwenyekiti wa chama cha kabila lenu, na kadi ya chama cha siasa. Halafu tutaona.”

Sasa sikilizeni. Baba wa kijana huyu alikuwa Mluba wa Kasai. Mama yake ni mzaliwa wa hapa. Akawaendea wazee wa upande wa baba waishio mjini, nao wakamwambia: “Wewe umekulia porini, hata lugha yetu huisemi vizuri. Nenda kwa wajomba zako.” Akarudi kwa wajomba. Wajomba wakamwambia: “Mpwa wetu, sisi tunakupenda, lakini jina lako ni la Kasai. Tukikuandika katika orodha yetu, wenzetu watasemaje?” Ajabu yake ni kwamba katika koo nyingi za upande huu wa Luapula mtoto huhesabiwa kwa mama, na kule Kasai mtoto huhesabiwa kwa baba. Kwa haki ya desturi, basi, kijana huyu anazo koo mbili zinazoweza kumdai. Na kumdai wanamdai kweli! Siku ya mchango wa matanga yeye ni wa koo zote mbili, tena wanamfuata mpaka mlangoni. Siku ya kugawa fedha, hana ukoo hata mmoja.

Ananiuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni dhambi kununua kadi ya chama asichokiamini? La pili, je, mke wake, ambaye ni wa hapa kwa baba na kwa mama, aandike ombi kwa jina lake, naye mume ajifiche nyuma ya jina hilo?

Mwanangu, nitakujibu. Lakini kwanza uniruhusu nirudi nyuma kidogo, maana swali ulilokutana nalo mezani pale halikuzaliwa jana.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Lukafu hii yetu ilikuwa boma la watawala wa Katanga, kabla Elisabethville haijaanzishwa mwaka wa 1910. Ofisi ikahama, nasi tangu siku hiyo tunaifuata juu ya magunia. Na kabla ya boma hilo, mwenye nchi kubwa ya huku alikuwa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwezi wa Desemba mwaka wa 1891. Msiri alitoka wapi? Alitoka mashariki, katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi, ambayo leo ni Tanzania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa safari, naye alikuja kwa biashara ya shaba na pembe. Alikuwa mgeni. Miaka sitini na saba baada ya kifo chake, mwaka wa 1958, chama cha CONAKAT kilipoanzishwa ili kuwatetea wale walioitwa Wakatanga wa asili, mmoja wa wakuu wake alikuwa Godefroid Munongo, mtu wa ukoo wa Msiri. Simlaumu kwa ukoo wake. Tena watu wa siku zile walikuwa na hofu zao, kwani katika uchaguzi wa miji wa mwisho wa mwaka 1957 wageni kutoka Kasai na kwingineko ndio waliopata vyeo vikubwa. Naonyesha tu jinsi inavyotosha kukaa mahali miaka michache ili mtu aitwe mwenyeji, na jinsi inavyotosha kuwa na mali au kazi nzuri ili mtu aitwe mgeni.

Wala wageni wale hawakuja wenyewe kama nzige. Union Minière iliwaleta kwa gari moshi, hasa tangu miaka ya 1920 ilipotaka wafanyakazi wa kukaa na wake zao na watoto wao karibu na migodi. Serikali ya Kibelgiji nayo iliwapanga watu kwa rangi kwanza, kisha kwa kabila, kisha kwa karatasi: kadi ya ustaarabu mwaka wa 1948, na uandikishwaji wa “walioendelea” mwaka wa 1952. Mwaka wa 1947 iliunda shirika la mikopo la kuwasaidia wenye mashamba na viwanda, na jina lenyewe la shirika lilisema wazi kwamba ni la walowezi. Mwafrika mwenye akili ya biashara angeweza kuwa na duka la mbao, lakini benki ilikuwa mlango wa watu wengine. Hivyo hatuwezi kusema kwamba Serikali ilianza kuuliza “wewe ni mwana wa nani” siku tulipopata uhuru. Tuliirithi desturi hiyo pamoja na meza na mihuri.

Ilionekana haki, basi, kupindua mambo. Nayo ilipinduliwa tarehe 30 Novemba 1973, ndipo Rais Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba makubwa, magari ya uchukuzi na kazi nyingine nyingi za wageni zitakuwa mali ya wananchi. Nchi iliitwa Zaire wakati huo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya misioni upande wa Kasenga, kando ya Luapula, na mambo haya niliyaona kwa macho yangu.

Wagiriki walikuwa wamekaa Kasenga miaka mingi. Ndio waliokuwa wakinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka mjini katika barafu, kwa malori, ili wafanyakazi wa migodi wale. Katika kijiji chetu palikuwa na duka la Mgiriki mmoja: chumvi, nguo, mafuta, nyavu, ndoana za kila namba. Hakuwa malaika. Mizani yake iliegemea upande wake, nasi tulijua. Lakini alikuwa na karani, mtu wa kijiji, aliyesimama nyuma ya ile meza miaka kumi na tisa. Karani huyo alijua ni mvuvi gani hulipa deni lake mwezi ukiandama, na yupi hulipa baada ya kuvuna. Alijua nyavu zinakatika mwezi gani na chumvi inapanda bei lini. Alikuwa na kitabu cha madeni chenye jalada jeusi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wetu.

Duka lilipochukuliwa, kila mtu kijijini alidhani litakuwa lake. Nani mwingine? Lakini hakuitwa hata kuulizwa. Alikuja bwana mmoja kutoka mjini, ndugu wa mkubwa fulani wa chama, mwenye kofia ya ngozi na barua yenye muhuri. Alikuwa mtu mchangamfu, sikumbuki ubaya wake mwingine. Aliuza chumvi ikaisha. Aliuza nguo na ndoana. Kisha akaona hajui chumvi inaagizwa wapi. Lori likaenda mjini, halikurudi. Karani alimletea kile kitabu cheusi ili wadai madeni pamoja. Bwana yule akakicheka, akasema hakuja huku kufukuza wavuvi. Kabla mvua za mwaka wa pili hazijaanza, mbao za rafu ziling’olewa, zikauzwa pia, na mlango ukabaki wazi mbuzi wakilala ndani.

Yaliyotokea kijijini kwetu yalitokea katika nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilitaka kuyachukua yale makubwa mikononi mwake yenyewe. Mwishoni mwa 1975 ikaanza kuwaita wenye mali wa zamani warudi, kwanza kwa asilimia 40 ya mali zao, na mwaka wa 1976 kwa asilimia 60. Mgiriki wetu hakurudi. Karani aliweka kimeza mbele ya nyumba yake, akauza chumvi kwa kijiko na viberiti kimoja kimoja. Kimeza hicho ndicho kilichokuwa duka letu hata nilipoondoka kwenda masomoni. Hakupata mkopo wa mtu yeyote maisha yake yote.

Nimeeleza kwa urefu, maana watu hupenda kusema kwamba kosa la mwaka 1973 lilikuwa kuwapa wananchi mali. Sikubali. Karani alikuwa mwananchi vilevile! Kosa lilikuwa katika swali. Hawakuuliza nani anaijua kazi. Waliuliza nani ni mtu wetu. Uganda mwaka mmoja kabla, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke, maduka mengi yaliangukia askari na rafiki za askari, na sukari ikapotea sokoni. Mgeni akifukuzwa kwa jina la mwenyeji, mara nyingi mwenyeji mwenyewe haonekani siku ya kugawana.

Tena swali hilo likisha kuzoeleka halibaki ofisini. Linatoka nje, linatembea barabarani. Wengi wenu mnakumbuka miaka ya 1992 na 1993, viongozi wa chama cha UFERI waliposhika jimbo, nalo likiitwa Shaba, na majirani waliozaliwa Likasi na Kolwezi wakaambiwa warudi “kwao”, kwenye nchi ambayo wengine hawajaiona kwa macho. Walikaa majuma na miezi kwenye stesheni wakingoja gari moshi, na watoto wao wakafia pale. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, na wengine wenye vibanda, mafundi cherehani, waoka mikate. Mkristu alimfungia Mkristu mlango. Baba wa kijana wetu aliondoka Likasi wakati huo, lakini hakupanda gari moshi la Kasai. Alikuja huku kwa watu wa mkewe, na watu wa mkewe walimpokea. Lukafu ilifanya vema siku ile, nataka liandikwe hili.

Basi, na leo? Sheria zetu za leo, ukizisoma, ni nzuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 13, inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya ukoo wake, kabila lake, au mawazo yake ya siasa. Mwaka wa 2017 ilitoka sheria ya kazi ndogo zinazogawiwa na makampuni makubwa, kama yale ya migodi, ili zipewe makampuni ya Wakongomani. Tangu 1989 upo mfuko wa kukuza viwanda, FPI, na mwaka wa 2020 ukaundwa mwingine, FOGEC, wa kumsimamia kwa dhamana mtu asiye na nyumba ya kuweka rehani. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 ikaongezwa sheria nyingine ya kuwahimiza wenye kuanzisha kazi. Sidharau hata moja. Lakini kati ya sheria na kijana mwenye daftari kuna meza, na nyuma ya meza kuna mtu, na mtu huyo ana mjomba.

Wenzetu wa jirani wanashindana na jambo hilo hilo. Tanzania iliagiza halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yao kuwakopesha vijana, akina mama na walemavu. Ni wazo jema: humwangalia mtu kwa upungufu alio nao, wala si kwa ukoo. Hata hivyo mwaka wa 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa muda, kwa sababu wakaguzi walikuta vikundi vingine havipo ila kwenye karatasi. Kenya tangu Novemba 2022 inakopesha fedha kidogo kidogo kwa njia ya simu, na simu haimwulizi mtu jina la babu yake. Lakini jina lenyewe la mfuko ule, Hustler, lilitoka katika kampeni za uchaguzi, na wakopaji wengi waliona kwamba zawadi ya uchaguzi hairudishwi. Hivyo hata pale ambapo ukoo hauulizwi, siasa huingia kwa dirisha.

Nakujibu sasa, mwanangu.

Juu ya kadi. Kuwa mwanachama wa chama cha siasa si dhambi, na Mkristu aliye na moyo wa kuitumikia nchi kwa njia hiyo namsifu. Lakini wewe huniulizi juu ya chama, unaniuliza juu ya kuweka sahihi yako chini ya neno usiloliamini, ili upate fedha. Huo ni uongo, hata kama karatasi ni nyepesi. Nami nakuonya kwa mambo ya dunia pia: uchaguzi ukigeuka, kadi ile ile iliyokufungulia mlango ndiyo itakayokufukuza. Usinunue. Rudi kwa bwana yule, safari hii ukiwa na ombi lililoandikwa, nakala mbili, umwombe agonge muhuri kwenye nakala yako kwamba amelipokea. Mwombe pia akuonyeshe mahali ilipoandikwa kwamba barua ya kabila inatakiwa. Sema kwa heshima, bila kupaza sauti. Watu wa namna ile hupenda kusema kwa mdomo. Kalamu huwatia wasiwasi. Labda hutapata kitu. Sitakudanganya.

Juu ya mkeo. Hapa nilikasirika kidogo nawe, kisha nikacheka. Miaka mingi sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya namna hii. Ndipo mwaka wa 2016 ikageuzwa. Nusu ya wakristu wa parokia hii walikuwa wakiulizwa “wewe ni mke wa nani” kabla hawajaulizwa lolote, wala sikumbuki kwamba mimi niliandika ukurasa hata mmoja juu yake. Sasa unataka mkeo awe pazia. Lakini katika barua yako umeandika kwamba yeye ndiye anayepima unga, yeye ndiye anayepokea fedha, na daftari ulilolibeba kwapani ni mwandiko wake. Haya, mwenye kazi ni nani? Ikiwa ni yeye, au ninyi wawili, basi aandike ombi kwa jina lake kwa sababu ni kweli, na akaliseme mwenyewe pale mezani. Kama unataka tu jina la baba yake, hapana.

Katika ule mfano wa Bwana wetu juu ya talanta, tajiri alipima nguvu za kila mtumishi ndipo akampa fedha, na hatusikii kwamba aliuliza kabila. Nimeuhubiri mfano huo mara nyingi katika ibada za Dominika ambapo padri hakuweza kufika. Lakini mwaka jana, mbegu za mahindi zilipoletwa kwa ajili ya familia za jumuiya zetu, mwenye kuandika orodha nilikuwa mimi. Gunia la kwanza niliandika jina la mpwa wangu. La tatu, mpwa wangu mwingine. Mama mjane wa upande wa mto, mwenye shamba zuri kupita wao wote, nilimwandika mwisho, na mbegu zilikwisha kabla ya kumfikia. Nilijiambia ni bahati mbaya. Haikuwa bahati. Mpwa wangu wa kwanza alizikaanga zile mbegu akala.

Orodha ya mwaka huu, basi, haitaandikwa nyumbani kwangu. Nimemwomba Baba Paroko, naye amekubali, kwamba isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na kila jina lielezwe lina shamba la ukubwa gani na lilivuna nini mwaka uliopita. Likelemba ya akina baba, ambayo mpaka sasa imekuwa ya ukoo mmoja tu (mnajua ni upi), imekubali kupokea watu wengine wanne, kwa masharti ya kuonyesha daftari. Fedha zake ni kidogo. Hazitoshi injini mpya, lakini zaweza kutosha kuitengeneza ile iliyochoka, hata mvua zije.

Mkutano ni Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Mwanangu, uje na mkeo, naye alete daftari. Wajomba zako wawili nimekwisha kuwapelekea habari. Mmoja amesema atakuja.